Kabla ya Kusema "Nitahama": Mazungumzo Kuhusu Bei ya Intaneti ya Nyumbani

(Hotuba iliyosomwa na maofisa wa dawati la watumiaji katika kikao cha wakazi mjini Mombasa. Imechapishwa hapa kama ilivyosomwa, pamoja na marekebisho machache ya lugha.)



Kamati ya wakazi imetuomba tuzungumzie jambo moja tu, nalo ni hili: je, ni kweli kwamba mteja akiipigia simu kampuni inayomuuzia intaneti ya nyumbani, akasema anataka kusitisha huduma, atapunguziwa bei? Swali hili tunaulizwa karibu kila mahali tuendako. Jibu letu ni kwamba ni kweli, wakati mwingine. Lakini kabla ya kueleza ni wakati gani, turuhusuni tuwasimulie kisa cha mzee mmoja, kwa kuwa ndicho kilichotufanya tuupokee mwaliko wenu kwa moyo mmoja.

Mzee huyo ni mwalimu mstaafu. Jina lake, mtaa wake na kampuni iliyomhudumia tutayahifadhi. Alikuwa amelipia intaneti ya faiba kwa miaka mitatu bila kuchelewa hata mwezi mmoja. Siku moja mpwa wake, aliyekuja kumtembelea, akamwambia kuwa analipa zaidi ya inavyostahili. Kwamba kampuni hizi huogopa sana kupoteza wateja, na dawa yake ni kuwapigia simu na kuwaambia unahama. Mwalimu akapiga. Hakuwa na nia ya kuhama; alitaka tu kubembelezwa kidogo. Akasema, "Kama hamwezi kunipunguzia, basi nikatieni." Kijana aliyepokea simu akamjibu kwa adabu zote: "Sawa mzee, ombi lako tumelipokea. Asante kwa kuwa nasi." Magharibi haijaingia, taa ya ruta ilikuwa imegeuka nyekundu.

Kampuni ya pili, ambayo bango lake alikuwa akiliona kila siku kando ya barabara kuu, ilimjibu kuwa waya wao haujafika katika kichochoro chake. Siku ya tisa akarudi kwa ile ya kwanza. Akaambiwa karibu tena mzee, ila kifurushi chako cha zamani hakiuzwi kwa wateja wapya, na wewe sasa ni mteja mpya. Kilichopo kilikuwa na bei ya juu kuliko ile aliyokuwa akiilalamikia. Na katika siku hizo tisa mjukuu wake alikuwa na mitihani ya chuo inayofanywa kwa njia ya mtandao. Kila alfajiri binti huyo alivuka feri kwenda kwa shangazi yake Likoni, kompyuta ameikumbatia kifuani katikati ya msongamano wa watu, ili akapate mahali penye intaneti ya kuaminika. Mtihani mmoja ulimpita kwa sababu feri ilichelewa.

Mwalimu alipotufikia tulilichunguza jambo lake kwa makini, na ilitubidi tumwambie ukweli usiopendeza. Kampuni haikuwa imevunja kanuni yoyote. Mteja aliomba akatiwe, akakatiwa.

Hapa Mombasa hakuna anayehitaji kufundishwa kupatana bei. Aendaye Kongowea kununua nazi, au Marikiti kununua bizari, anajua kwamba kauli yenye nguvu kuliko zote ni mgongo wa mnunuzi anayeondoka. Unapiga hatua tatu, nne, kisha unasikia nyuma yako: "Njoo mama, njoo tuelewane." Tatizo ni kwamba tunaichukua desturi hiyo tukaenda nayo kwenye simu. Muuza nazi ni mwenye mali; bei ni yake, na nazi ikiozea mkononi hasara ni yake. Kijana wa kituo cha kupokea simu si mwenye mali. Mbele yake pana skrini yenye orodha ya mambo anayoruhusiwa kuyafanya, na kwa wengi wao kupunguza bei hakumo katika orodha hiyo. Kukata huduma kumo.

Kuna jambo la pili linalotuponza. Ushauri mwingi unaosambaa kwenye simu zetu kuhusu jambo hili uliandikwa kwa ajili ya wateja wa nchi nyingine, hasa Uingereza. Huko mteja wa intaneti ya nyumbani kwa kawaida hufunga mkataba wa miezi 18 au 24, na muda huo ukiisha bei hupanda. Tangu Februari 2020 mdhibiti wa mawasiliano wa huko, Ofcom, ameyataka makampuni yamjulishe mteja kwamba mkataba wake unakaribia kuisha na yamweleze bei nafuu walizo nazo. Tangu Septemba 2024 anayetaka kuhama huzungumza na kampuni mpya peke yake, nayo humaliza mambo na ile ya zamani. Kwa hiyo mteja wa Uingereza anapotishia kuondoka ana tarehe, ana barua, na ana utaratibu unaombeba.

Hapa kwetu wengi tunalipa kabla ya kutumia, mwezi baada ya mwezi, kwa simu ya mkononi. Mkataba wa kuuvunja mara nyingi haupo. Jambo hili lina uzuri wake, kwa kuwa hakuna anayeweza kukutoza faini kwa kuacha kulipia mwezi ujao. Lina ubaya wake pia: kama wewe hukuiahidi kampuni miezi 24, nayo haikukuahidi kwamba bei na kifurushi chako vitakusubiri ukiondoka. (Tahadhari ndogo hapa: baadhi ya vifurushi, hasa vya biashara na vile vinavyokuja na ruta ya bure au kuunganishwa bila malipo, vina masharti ya kukaa kwa muda fulani. Yasome kabla ya kufungua kinywa.)

Sasa, pamoja na hayo yote, kwa nini tunasema tishio la kuhama huweza kufaulu? Kwa sababu lina msingi wa kibiashara. Kumpata mteja mmoja wa faiba si kazi rahisi. Kampuni imevuta waya hadi mtaani, imemtuma fundi, imetoa ruta, na imemlipa kijana anayebisha hodi mlango kwa mlango. Gharama hiyo hurudishwa polepole, kila mwezi unaolipa. Mteja akiondoka mapema, kilichobaki ni waya unaoning'inia ukutani. Kwa hiyo mahali ambapo kampuni mbili au tatu zimepita katika mtaa mmoja, kila moja ina sababu ya kukusikiliza. Mahali ambapo imepita moja tu, sababu hiyo haipo, na kampuni inaijua ramani yake kuliko unavyoijua wewe.

Tazameni yaliyotokea katika soko letu hivi karibuni. Tunataja kampuni kwa majina kwa kuwa mambo haya yalitangazwa hadharani, wala hatumpigii debe mtu. Starlink, inayotoa intaneti kwa njia ya setilaiti, ilianza kuuza huduma nchini Kenya mwezi Julai 2023. Agosti 2024 ikamruhusu mteja kukodi vifaa vyake kwa shilingi 1,950 kwa mwezi badala ya kuvinunua. Septemba ya mwaka huo huo, Safaricom ikaongeza kasi ya vifurushi vyake vya faiba vya nyumbani bila kupandisha bei: kile cha shilingi 2,999 kikatoka megabiti 10 hadi 15 kwa sekunde, na kile cha shilingi 6,299 kikatoka 40 hadi 80. Wenye kampuni watakuwa na maelezo yao kuhusu sababu za uamuzi huo. Sisi tunachokiona ni kwamba wateja wale hawakupiga simu kutishia. Ilitosha kuwa sasa walikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Lakini hadithi hiyo ina sehemu ya pili. Novemba 2024 Starlink iliacha kupokea wateja wapya jijini Nairobi na katika kaunti jirani, kwa sababu uwezo wa mitambo yake katika eneo hilo ulikuwa umejaa. Mfikirieni mtu aliyesitisha faiba yake wiki ile kwa hasira, akiwa na hakika kwamba setilaiti inamngojea. Mlango ulikuwa wazi mwezi wa Oktoba, na mwezi uliofuata ukafungwa.

Ndiyo maana ushauri wetu wa kwanza hauhusu simu kabisa. Unahusu maandalizi, na maandalizi yenyewe huchukua jioni mbili au tatu. Itafute kampuni nyingine unayodhani ungehamia, na usiridhike na bango. Bango husimama barabarani, wewe unakaa ndani. Muulize jirani ambaye tayari anaitumia: inakatika mara ngapi, fundi huja baada ya siku ngapi, usiku saa mbili watu wote wakiwa kwenye runinga hali huwaje. Kisha ipigie kampuni hiyo, uipe jina la jengo na namba ya mlango, uulize kama waya umefika na ni lini fundi anaweza kuja. Ukipewa tarehe, una tishio la kweli. Ukiambiwa "tutakupigia", huna.

Bei nayo iulize yote, usiulize nusu. Je, VAT ya asilimia 16 imo ndani ya bei waliyoitaja au itaongezwa? Kuunganishwa ni bure au kuna ada? Ruta ni yako au ni ya kukodi? Kuna kikomo cha matumizi ambacho ukikivuka kasi hupunguzwa? Na bei hiyo ni ya kudumu, au ni ya miezi mitatu ya kukaribishwa tu? Tumewaona watu waliohama kufuata upungufu wa shilingi mia tano kwa mwezi, wakalipa ada ya kuunganishwa ambayo ingewachukua mwaka mzima kuirudisha.

Kuna maandalizi mengine ambayo watu huyasahau, nayo ni kujua kama tatizo lako ni la kampuni kweli. Wengi wanaotaka kuhama hawana shida na bei peke yake. Wanahisi hawapati kasi wanayoilipia. Ipime kasi ukiwa umekaa karibu na ruta, mchana na usiku, na uandike ulichokiona. Ikiwa karibu na ruta kasi ni nzuri lakini chumbani hakuna kitu, kampuni haina kosa. Wakazi wa Mji wa Kale mnalijua hili: nyumba zenu zina kuta nene za mawe ya matumbawe, zilijengwa kuzuia joto, na huyazuia mawimbi ya wi-fi vilevile. Tuliwahi kufika katika nyumba moja tukaikuta ruta imefungiwa ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya masufuria, ili watoto wasiichezee. Mwenye nyumba alikuwa amebadilisha kampuni mara mbili.

Wakati mwingine tatizo liko mbali zaidi, baharini. Nyaya nyingi zinazoiunganisha nchi yetu na dunia hutua hapa hapa Mombasa. TEAMS na Seacom zilifika mwaka 2009. Mei 2024, nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikawa ya kusuasua katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo kumfokea mhudumu na kumwambia unahama hakusaidii, kwa kuwa huenda unakokwenda nako kunategemea waya huohuo.

Haya, sasa tupige simu.

Piga wiki moja kabla ya malipo yako kuisha. Ukipiga siku yenyewe ya kuisha, unapatana ukiwa tayari na kiu, na mwenye maji anaijua kiu yako. Piga asubuhi au katikati ya wiki. Na neno "nikatieni" usilitamke. Hatulisemi hili kwa mzaha. Kwa mhudumu neno hilo ni amri, naye atalitekeleza. Neno lako liwe "nafikiria kuhama". La kwanza ni ombi lililokamilika, la pili ni mazungumzo yanayoanza.

Mama mmoja mshonaji aliyefanya hivyo vizuri alitupa ruhusa tuyasimulie mazungumzo yake. Alianza kwa salamu, kisha akasema: "Mwanangu, mimi ni mteja wenu tangu mwaka juzi, na sijawahi kuchelewa kulipa. Kuna kampuni nyingine imefika katika jengo letu. Kwa bei hii hii ninayowalipa ninyi wananipa kasi mara mbili, na fundi wao anaweza kuja Alhamisi. Mimi sipendi kuhamahama. Ninyi mnaweza kunisaidiaje?" Kijana akasema, "Mama, bei ya kifurushi imepangwa, siwezi kuibadilisha." Mama hakupandisha sauti. Akasema, "Najua si wewe uliyeipanga, baba. Hakuna dawati la wateja wanaotaka kuondoka? Niunganishe nalo, au waambie wanipigie." Kesho yake akapigiwa. Bei haikushuka hata shilingi moja, lakini alipandishwa kifurushi kwa miezi sita na akaletewa ruta mpya, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa haiwezi kuibeba kasi ile.

Angalieni alichokuwa nacho mama huyo. Alikuwa na siku ya fundi, na alikuwa na bei ya upande wa pili. Zaidi ya yote alikuwa radhi kuhama ikiwa jibu lingekuwa la hapana. Kitambaa cha kuzibia tundu la waya, alituambia akicheka, kilikuwa kimekwisha kukatwa. Wala hakung'ang'ania bei. Mara nyingi kilicho nje ya uwezo wa mhudumu ni bei, ilhali kasi, ruta, mwezi wa bure, au kusamehewa ada ya kuhamishiwa nyumba nyingine ni mambo ambayo dawati lile lina nafasi nayo.

Alifanya jambo jingine moja ambalo wengi hawalifanyi. Kabla ya kukata simu alisema, "Nitumie maneno hayo kwa ujumbe wa simu au barua pepe, na uandike yanaisha lini." Ofisini kwetu tuna malalamiko mengi ya ahadi za mdomo. Mteja anasema aliahidiwa mwaka mzima, kampuni inasema miezi mitatu, na sisi hatuna cha kushika. Ujumbe wa mistari miwili ungemaliza ubishi.

Tusijifanye mahodari. Mmoja wetu hapa, ambaye kazi yake ni kuwashauri watu kama ninyi, alijaribu nyumbani kwake kutishia bila maandalizi, kwa kuwa aliona aibu kutojaribu. Alishukuriwa kwa maoni yake na kutakiwa siku njema. Mpaka leo analipa bei ileile.

Wapo wanaotumia njia ya kimya. Malipo yakiisha hawalipi, wanakaa, na baada ya siku chache kampuni huwapigia au kuwatumia ujumbe wenye ofa. Njia hii huwafaa wachache: asiye na mwanafunzi nyumbani, asiyefanya kazi kwa mtandao, anayeweza kutumia bando la simu kwa wiki mbili bila kuumia. Nayo haina dhamana. Kampuni haina wajibu wa kukupigia, na kama ulikuwa katika kifurushi cha zamani chenye bei nzuri, kimya chako huenda kikakitoa mkononi mwako kama kilivyomtoka mwalimu.

Tungependa kukaa kidogo juu ya jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo linalochanganywa zaidi. Si kila unachokitaka kutoka kwa kampuni ni hisani. Kupunguziwa bei ni hisani. Kampuni inaweza kutoa au kunyima. Lakini kupewa maelezo kamili na ya wazi kuhusu bei na masharti ni haki yako. Kutozwa kwa huduma uliyoiomba tu, kupata ankara sahihi inayoeleweka, na kusikilizwa kwa haraka na kwa usawa pakitokea mgogoro, ni haki zako. Zimo katika Kanuni za Kulinda Watumiaji za mwaka 2010, zilizotungwa chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano, na mzizi wake sasa uko katika Kifungu cha 46 cha Katiba, kinachompa kila mtumiaji haki ya kupata huduma yenye ubora unaostahili na ya kufidiwa kwa hasara inayotokana na kasoro.

Tunalisisitiza hili kwa sababu tumewaona watu wakiibadilisha haki yao kuwa kitu cha kupatania. Intaneti inakatika siku sita. Mteja anapiga simu, anatishia kuhama, na kampuni inamwongezea siku sita na kumwambia hiyo ni zawadi kwa mteja mwaminifu. Anashukuru. Zile zilikuwa siku alizokwisha kuzilipia! Huduma ikikatika, usitishie kuhama. Lalamika, pewa nambari ya lalamiko, iandike. Kampuni isipolitatua, lilete kwa Mamlaka pamoja na nambari hiyo. Mazungumzo ya bei yafanye siku nyingine, baada ya deni lao kulipwa.

Kanuni hizohizo zinasema pia kwamba wateja wa eneo moja wawe na nafasi sawa ya kupata huduma ya aina na ubora uleule kwa bei zisizotofautiana sana. Ukisikia jirani yako amepewa nyongeza ya kasi, una haki ya kuuliza kama nawe unaweza kuipata, na kwa masharti gani. Kuuliza hivyo hakuhitaji tishio lolote.

Limebaki jambo la majengo ya kupanga, na tunajua wengi wenu mmekuja kwa ajili yake. Katika majengo mengi mwenye nyumba au msimamizi ameruhusu kampuni moja tu kuingiza waya. Mpangaji anayetishia kuhama katika jengo kama hilo anajidanganya, na mhudumu anayeiona anwani yake kwenye skrini anajua hivyo. Je, hana la kufanya? Analo, lakini si peke yake. Kwanza, waya si njia pekee: ruta za 4G na 5G hazihitaji ruhusa ya mtu kupitisha chochote ukutani, ingawa yafaa kuazima moja kwa jirani au jamaa na kuijaribu ndani ya chumba chako kabla ya kununua, maana ghorofa ya kwanza na ya tano hazipati mawimbi sawa. Pili, mwenye nyumba hamsikilizi mpangaji mmoja jinsi anavyowasikiliza kumi na wanane. Kuna jengo ambalo wakazi wake waliandika barua moja, wakataja ni wangapi wangejiunga na kampuni ya pili siku ya kwanza, wakaipa nakala kampuni hiyo na nyingine wakampa mwenye nyumba. Kampuni ya pili ilikubali kugharimia kupitisha waya kwa sababu idadi ilikuwa imeandikwa mbele yake. Na ile ya kwanza, iliposikia mafundi wanapima ngazi, ikawatumia wakazi wote ujumbe wa ofa kabla hata waya haujapanda. Baadhi walihama, baadhi wakabaki. Wote walipata walichokuwa wakikitaka kwa miaka miwili.

Neno la haraka kuhusu vijana wanaosambaza intaneti mtaani kwa bei ya chini mno, kwa waya unaopita juu ya mapaa. Baadhi yao wana leseni na wanafanya kazi nzuri. Wengine hawana, na ukimlipa asiye na leseni kisha akatoweka, mkono wetu haumfikii kwa urahisi. Omba kuiona leseni, au tuulizeni sisi.

Tunaishia hapa ili maswali yapate nafasi. Mwalimu wetu, kwa wanaotaka kujua, bado yuko kwa kampuni ileile na bado analipa ile bei ya juu. Mwezi uliopita kampuni ya pili ilimtumia ujumbe kwamba waya umefika katika kichochoro chake. Amewaomba tarehe ya fundi, na safari hii hajampigia mtu yeyote simu. Wenye ujumbe wa malipo, ankara au nambari za malalamiko, meza yetu iko kando ya mlango wa kulia, na wenzetu wawili wataketi pale hadi adhuhuri. Wakazi wa jengo moja tafadhali njooni pamoja.